Waya wa neti wa bei chee nyumbani: upi uchukue, upi umwachie muuza duka

Hili swali haliishi hapa Tanga, hasa toka watu waanze kuvutiwa faiba majumbani. Mtu yuko Sahare au Mikanjuni huko, rauta imefungwa sebuleni, anataka kupeleka waya mpaka chumbani kwa mtoto anayesomea kompyuta, anaingia dukani anakuta nyaya mbili rangi ileile unene uleule, mmoja bei chee kabisa na mwingine mara nne yake, akiuliza tofauti nini anajibiwa "hiyo ndo original bosi". Basi. Hapo ndo anatoa simu kunipigia.

Jibu langu ni lilelile, chukua wa bei chee, mradi ndani uwe shaba tupu. Nyumbani hakuna kitu kinachodai waya wa gharama. Shida ni kwamba bei chee ziko za aina mbili, kuna waya uko rahisi kwa sababu ni wa kawaida tu hauna mbwembwe, na kuna waya uko rahisi kwa sababu unadanganywa, na kwa nje havitofautiani mpaka ujue pa kuangalia.

Tuanze na spidi maana ndo wengi wanapopigwa. Nyaya hizi zina madaraja, yanaandikwa Cat na namba yake. Waya wa Cat5e unapitisha Gbps 1, yaani Mbps 1000, mpaka mita 100. Kiwango cha Gbps 1 kwenye waya wa shaba, cha IEEE, wale wahandisi wanaopanga viwango vya mtandao, kilitoka mwaka 1999 na kilipangwa makusudi kipite kwenye nyaya za Cat5 ambazo maofisi mengi yalikuwa yameshazifunga, wasianze kubomoa kuta. Mwaka 2016 wakaongeza kingine cha Gbps 2.5, nacho kinapita kwenye Cat5e hiyohiyo, mita 100 zilezile. Sasa wewe kifurushi chako ni Mbps ngapi? 20? 50? Tuseme hata 100. Filamu ya 4K ya mtandaoni ikiwa inacheza kwa kawaida haivuki Mbps 25, na TV nyingi hizi za smati tundu lake la waya mwisho wake ni Mbps 100, hata uchomeke waya wa dhahabu haivuki hapo, kamera nyingi za nyumbani hivyohivyo, na rauta nyingi za bei ya chini nazo matundu yake ni ya 100. Yaani Cat5e inakutosha na chenji inabaki.

Cat6 ni nzuri, ndani yake mara nyingi ina waya mnene kidogo, na inaweza kubeba Gbps 10 mpaka kama mita 55. Kama unajenga sasa hivi na unazika mabomba ukutani, na tofauti ya bei ni ndogo, weka Cat6 usahau, kwa sababu kinachouma kwenye ukuta ni kazi ya kubomoa na kupiga plasta upya, waya wenyewe hela yake ndogo. Kama nyumba imeshaisha na unapitisha waya kwenye tranki, ule mfereji wa plastiki, pembeni mwa ukuta, Cat5e hailalamikiwi.

Hizi zingine za Cat7 na Cat8 wanazouza zimefungwa kwenye plastiki yenye madoido, waachie. Cat8 ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya data, mashine na mashine ziko karibu, na mwisho wake ni mita 30. Cat7 ndo kichekesho, TIA, wapanga viwango vya nyaya wa Marekani, hawajawahi kuitambua, na plagi ambazo kiwango chake kilipangia siyo hizi RJ45 tunazojua, plagi za kawaida za waya wa neti, kwaiyo ukiona ule waya bapa mwembamba kama utepe umeandikwa Cat7 na una RJ45 mbili ujue hapo umenunua maandishi. Ule waya bapa wenyewe kwa kupita chini ya zulia mita mbili tatu unafanya kazi, sikatai, ila ndani ya waya wa neti kuna nyuzi nane zinazosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne, na kwenye huu bapa jozi hazijasokotwa vya kutosha na nyuzi zake ni nyembamba, usije ukauzungusha nyumba nzima.

Na zile zenye karatasi ya foili ndani, nazo watu wanaambiwa zinazuia kelele za umeme. Kweli zinazuia, ila foili inatakiwa iunganishwe na ethi, yaani waya wa ardhini, vizuri, kwa plagi za chuma na vifaa vyenye ethi, kitu ambacho nyumba nyingi za huku hakuna. Bila hivyo umelipia foili ya bure. Waya usio na foili, uliosokotwa vizuri, unamtosha mtu wa nyumbani.

Haya, sasa udanganyifu. Herufi za kukumbuka ni CCA. Maana yake ndani ni aluminiamu, halafu juu imepakwa ngozi nyembamba ya shaba ili ionekane nyekundu. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya inavyopitisha shaba, na viwango vya hizi nyaya, vya TIA na vya ISO ya kimataifa, vinataka shaba, kwaiyo waya wa CCA hata uandikwe Cat6 kwa herufi kubwa kiasi gani siyo Cat6. Wenye haya wanaandika CCA kwenye boksi, wengine hawaandiki kitu, na wengine wanaandika shaba tupu na ukifungua siyo.

Namna ya kujua ni rahisi na haichukui dakika tano. Muombe muuza duka kipande cha shubiri moja, kama ni mtu wa kweli atakupa, akianza kuzungukazunguka we shukuru tu uondoke. Menya ganda la nje, toa uzi mmoja, tuseme wa bluu, uumenye na wenyewe ubaki mtupu. Halafu chukua wembe ukwangue taratibu sehemu moja, usikate, kwangua. Shaba tupu utakwangua na itabaki nyekundu ileile, hata ukienda nusu ya waya. CCA ukishakwangua mara mbili tatu wekundu unatoka kama vumbi na chini panang'aa weupe. Angalia pia pale ulipokatwa, ugeuzie kwenye jua utazame kichwa chake, CCA katikati ni nyeupe na ule wekundu uko pembeni tu. Kisha ukunje mbele nyuma, mbele nyuma, aluminiamu inakatika mapema, shaba itakusumbua kidogo. Mbali na hapo kuna wajanja wengine wanatumia chuma kilichopakwa shaba, huo ni mbaya zaidi ya CCA, nenda na kasumaku hata kale kalikotoka kwenye spika mbovu ya redio, kakinasa kwenye uzi huo achana nao.

Uzito nao unasema. Shaba ni nzito mara tatu na ushee kuliko aluminiamu, kwaiyo ukinyanyua boksi la mita 305 la shaba kwa mkono mmoja na la CCA kwa mwingine hutaulizia fundi. Hiyo 305 inatokana na futi 1000 na ndo saizi ya kawaida ya boksi, ila yapo yanayokuja pungufu, angalia namba za mita zilizopigwa chapa kwenye ganda la waya, ya mwanzo na ya mwisho, utoe.

Ukiwa kwenye hizo chapa soma na AWG. Hiyo ni unene, na inaenda kinyumenyume, namba ikipanda waya unakonda. Wa kuzungusha nyumba uwe 24 au 23. Hizi nyaya fupi zilizokuja na plagi zake nyingi ni 26, hamna neno. Ukikuta 30 au 32 basi ni wa mezani tu.

Kama una maltimita nyumbani, hata ile ndogo ya mafundi umeme, kuna kipimo ambacho hakidanganyi kabisa. Chukua kipande cha mita 20, upande mmoja usokote pamoja nyuzi mbili za jozi moja zigusane, upande wa pili pima omu, yaani ukinzani, kati ya hizohizo mbili. Hapo umeme unaenda mita 20 unarudi mita 20. Shaba ya 24AWG itakupa omu 3.4 hivi. CCA ya unene huohuo itakupa 5 na kitu. Kabla ya kupima gusanisha ncha za maltimita uone zenyewe zina ngapi, utoe hiyo, maana maltimita za bei rahisi nyaya zake zina omu zake.

Sasa usinielewe vibaya, CCA siyo sumu. Kipande cha mita moja mbili kati ya rauta na TV, hakitikiswi, hakipitishi umeme wa kuwasha kitu, kitafanya kazi na hutaona tofauti. Kama unacho usikitupe. Mahali kinapokuumbua ni panapopita umeme pamoja na data, hii wanayoita PoE, ambayo kamera na zile antena za intaneti za juu ya paa zinapata umeme kupitia waya huohuo wa neti.

Kuna dada mmoja wa Makorora ana duka, kamera yake iko getini. Akaniambia, "Kaka, mchana inaonyesha vizuri tu, ikishaingia magharibi inazima, inawaka, inazima, mpaka asubuhi. Mama anasema tumuite shehe." Na si unajua hapa kwetu neno jini haliko mbali. Nikamuuliza waya umetoka wapi, akasema fundi alikuja nao. Tukamenya kidogo pale kwenye plagi, nyeupe. Kinachotokea ni kwamba giza likiingia kamera inawasha zile taa zake za infraredi za kuonea gizani, na hapo inavuta umeme zaidi, waya wa aluminiamu una ukinzani mkubwa unameza volti njiani, kamera inapungukiwa inazima, ikizima taa zinazima, volti zinapanda, inawaka upya, giza bado lipo, taa zinawaka, inazima tena. Mchana taa hazihitajiki ndo maana ilikuwa safi. Tukavuta shaba, shehe akabaki na kazi zake. Kwaiyo kamera yako ikiwa na ugonjwa wa usiku tu, kabla hujanunua nyingine angalia waya, na adapta pia maana na yenyewe ikichoka inafanya hivyohivyo.

Ule waya wa PoE pia unapata joto kwa sababu ya huo ukinzani, ukizifunga nyingi pamoja kwenye bomba moja joto linazidi. Shaba hapo siyo anasa.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu ambayo kwenye boksi hayajaandikwa. Bahari. Nyumba za Raskazone na maeneo yote yanayopigwa na upepo wa chumvi, plagi ikikaa nje miezi michache tu ukiichomoa unakuta vile vibati vyake vya dhahabu vimeota kijani au vimeoza, na kama waya ni CCA na ngozi ya shaba imechubuka wakati wa kubana, aluminiamu inatoa unga mweupe na mguso umekwisha. Usiache plagi nje wazi hata kama kuna kibati kinaifunika kwa juu. Weka ndani ya kiboksi chenye mpira, paka grisi ya silikoni kidogo, na pale waya unapoingia ndani ya nyumba uache uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye tundu, mvua ya masika ikija maji yadondokee pale chini yasifuate waya mpaka kwenye rauta. Nimeona maji yakitoka kwenye tundu la rauta, nakwambia ukweli, yamesafiri ndani ya ganda kutoka kwenye paa.

Jua nalo. Waya wa ndani, hizi za kijivu na za bluu, ganda lake ukiliweka juani linakauka linapasuka, ukiligusa linabomoka. Wa nje ni mweusi, ganda gumu la politini, mwingine una na jeli ndani ya kuzuia maji. Huu kidogo una bei na hapa ndo nakwambia usibane hela, vinginevyo waya wako utakuwa wa waja leo waondoka leo. Au pitisha ule wa ndani kwenye bomba la umeme mwanzo mpaka mwisho, inakubali, mradi maji yasituame humo.

Panya wa Ngamiani siwaongelei. Bomba.

Na jambo moja la kuwa serious kidogo. Watu wengi wanavuta waya kutoka nyumba moja kwenda nyingine, labda nyumba kubwa na ile ya uani ya wapangaji, au duka la ng'ambo ya barabara, waya unapita hewani umefungwa kwenye mwembe. Kwa karibu sana watu wanafanya na unaenda, lakini radi hata ikipiga mbali kidogo ule waya wa hewani unaokota umeme na kuuleta kwenye rauta, TV, kompyuta, vyote vilivyochomekwa. Isitoshe nyumba mbili zenye mita mbili za umeme tofauti ethi zake hazilingani. Kwa nyumba na nyumba weka faiba, kioo hakipitishi umeme, unanunua waya wenye plagi zake tayari na vibadilishio viwili vya kuunganisha faiba na waya wa neti, au weka antena mbili za waifai zinazotazamana. Usifunge pia waya wa neti pamoja na waya wa umeme wa 230 kwenye tranki moja, na siyo mambo ya kelele tu, ni usalama, ganda likichubuka ndo basi. Wapishane kwa msalaba ikibidi.

Kwenye kubana plagi watu wanaharibu waya mzuri. Mpangilio wa rangi unaotumika sana huku ni ule wa B, kuanzia kushoto, kale kakibano kakitazama chini na vibati vya dhahabu juu: nyeupe chungwa, chungwa, nyeupe kijani, bluu, nyeupe bluu, kijani, nyeupe kahawia, kahawia. Pande zote mbili hivyohivyo. Ile ya kugeuza upande mmoja ilikuwa na maana zamani, vifaa vya sasa vinajigeuza vyenyewe. Kosa ninalolikuta sana ni fundi kupanga rangi anavyojua yeye, nyeupe chungwa chungwa nyeupe kijani kijani na kuendelea, pande zote sawa, testa ya taa inawaka moja mpaka nane anasema imekubali. Haijakubali. Namba 3 na namba 6 zinatakiwa zitoke kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, ndo maana bluu zinakaa katikati ya kijani, ukizipanga ovyo ishara za hapo katikati zinasafiri kwenye nyuzi mbili ambazo si ndugu na ule msokoto haufanyi kazi yake, waya mfupi unaweza kwenda, mrefu unakwamakwama na testa haitakwambia kitu.

Usifumue msokoto mrefu, sentimita moja hivi inatosha, na ganda la nje liingie ndani ya plagi libanwe na lenyewe, siyo nyuzi za rangi zinaning'inia nje kama utumbo. Na uliza plagi za waya gani, maana za waya mgumu wa uzi mmoja na za waya laini wa nyuzinyuzi vimeno vyake ni tofauti. Wa ukutani ni ule mgumu, na ukiweza mwisho wake weka soketi ya ukutani badala ya plagi, halafu kutoka kwenye soketi mpaka kwenye kompyuta tumia kale kafupi laini ka kununua. Kakifa kanabadilishwa, ukuta haujaguswa.

Ukishafunga angalia umepata nini. Kwenye Windows ingia mipangilio ya mtandao, bonyeza Ethernet, shuka chini utafute Link speed. Rauta ikiwa ya gigabiti na kompyuta ya gigabiti inatakiwa isome 1000/1000. Ikisoma 100/100 kuna uzi haugusi, kwa sababu Mbps 100 inahitaji jozi mbili tu, namba 1, 2, 3 na 6, Gbps 1 inataka zote nne, kwaiyo uzi mmoja wa bluu au kahawia ukikatika hutaambiwa hamna mtandao, utashushwa tu kimyakimya. Hapo kata plagi bana upya kabla hujalaumu waya. Na kama kifurushi chako ni Mbps 20 na inasoma 100, ukiwa mvivu acha hivyohivyo, hutakosa kitu.

Fundi akija na waya wake mwenyewe, kabla hajaanza kuchimba ukuta muombe kile kipande cha shubiri ukikwangue mbele yake. Na boksi likibaki na waya ni wako kama ndo uliyelipia boksi zima, mwambie aache.